Herufi za Mkono wa Kushoto

Mtaani walimwita Pengwini, na jina hilo alijitafutia mwenyewe bila kukusudia. Alibandika picha ya ndege huyo kwenye mlango wa kioo wa karakana yake, ndege mnene mwenye tumbo jeupe ambaye ndiye alama ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta. Watu wasiojua Linux ni mnyama gani wakaona tu kwamba fundi na ndege wanafanana: wote wafupi, wote wana vitambi, wote wanatembea kama waliobana kitu katikati ya magoti. Hakukasirika. Mteja akichungulia na kuuliza, "Pengwini yupo?" alijibu, "Yupo, anaatamia," huku akiendelea kufungua skrubu.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu kama behewa, meza ya kazi imeegemea ukuta mwanzo hadi mwisho, na juu ya meza kompyuta zilizopasuliwa matumbo. Nyingi zilikuwa kuukuu, zile ambazo mafundi wengine walikuwa wamewaambia wenyewe wakazitupe. Pengwini alizifuta, akaziwekea Linux, zikaamka. Hapo ndipo roho yake ilipokuwa. Angeweza kukusimamisha nusu saa akikueleza jinsi mashine ya miaka kumi na miwili ilivyofufuka, na usipokuwa na haraka alikuonyesha ukurasa wake katika daftari. Maana kila mashine ilikuwa na ukurasa wake katika daftari kubwa lenye jalada gumu: tarehe, mwenyewe alilalamika nini, yeye alipima nini, alibadilisha nini. Hakuweka kumbukumbu kichwani, alisema, kichwa kina mambo mengi.

Tabia hiyo ya kuandika aliirithi kwa dada yake.

Dada alimzidi miaka kumi na minne. Mama yao alipofariki, Pengwini alikuwa darasa la pili, na Dada ndiyo kwanza ameajiriwa kupiga chapa katika ofisi ya mawakili. Ndugu wakakaa kikao wakajadili mtoto apelekwe kwa nani. Dada akasikiliza wee, kisha akasimama akasema, "Haendi kwa mtu. Ana mimi." Akamlea, akamsomesha, kwa vidole vyake kumi. Na vilikuwa vidole kweli. Alipiga chapa bila kutazama kibodi, macho yake yako kwako, anaongea na wewe habari za jirani, na chini huko mkataba wa kurasa ishirini unajiandika bila doa. Mawakili waligombana nani amaliziwe kazi yake kwanza. Watu wakamwita Mama Chapa, na hata alipostaafu jina likastaafu naye likaja nyumbani, kwa sababu wateja walimfuata: wanafunzi na tasnifu zao, vyama na mihutasari yao, wazee na wasia zao.

Nyumbani alitumia laptopu moja nzito, ya siku nyingi. Wateja walimletea kazi kwenye flashi zao na humo humo wakamletea virusi, mpaka ikawa ukiiwasha asubuhi unaweza kuoga, ukavaa, ukarudi ukaikuta bado inawaza. Pengwini akaichukua kwa ajili ya kuisafisha. Alipoirudisha ilikuwa na Linux.

"Hii nini?" Dada aliuliza, akitazama skrini.

"Zawadi. Sasa itakimbia."

"Nani kakwambia nataka ndege ndani ya nyumba?"

Lakini ilikimbia kweli, na baada ya wiki mbili akazoea. Kuzoea kwake hata hivyo hakukumzuia kulalamika, kwani kulalamika kulikuwa ndiyo namna yao ya kusalimiana. Siku moja wai-fai ikakatika. Pengwini alikuja na begi la vifaa, akakaa saa nzima na nusu mbele ya dirisha jeusi la amri, akatafuta draiva, ile programu inayoiendesha kadi ya wai-fai, akaiondoa, akairudisha, akawasha na kuzima mara sita, jasho linamtoka. Mwishowe akainua mashine kuangalia chini yake, akaona ubavuni kuna swichi ndogo ya kuzimia wai-fai, imesukumwa. Dada alikuwa ameisukuma kwa kitambaa wakati wa kupangusa vumbi. Walicheka mpaka Dada akajishika ubavu. "Msomi wangu!" alisema. "Nimekusomesha bure!" Kisa hicho alikisimulia mtaa mzima, na kila alipokisimulia akaongeza chumvi, mpaka saa moja na nusu ikawa siku tatu.

Kukawa na siku ya printa kugoma kuchapa ukurasa mzima, na siku ya spika kunyamaza. Yote Pengwini aliyamaliza. Ila kila jambo, dogo kwa kubwa, Dada alilianza kwa maneno yale yale: "Mdogo wangu, hiyo Linux yako..." Alikuwa anatania. Pengwini alijua anatania. Lakini mtu akitaniwa kwenye kitu anachokipenda, kuna sehemu ndogo ndani yake ambayo haicheki, na sehemu hiyo ya Pengwini ikawa inakua kidogo kidogo bila yeye kujua.

Kisha Dada akapiga simu mwezi wa tatu.

"Mdogo wangu, hiyo Linux yako sasa ina kigugumizi."

"Kigugumizi gani tena, Dada?"

"Nikiandika 'baba', inaandika 'baabba'. Nikifuta nikarudia, inaandika 'bbaba'. Mteja akiona atadhani nimelewa."

Pengwini akaenda Jumamosi. Akakaa kwenye kiti cha Dada, akaandika mistari kumi ya upuuzi, haikujirudia hata herufi moja. Akampisha Dada. Dada akaandika mstari mmoja, kigugumizi kikatokea. Pengwini akatabasamu kama mtu aliyeona mwizi. Akamweleza kwamba kitufe kikikaliwa muda mrefu kidogo, mfumo hudhani unataka herufi irudiwe. Kazi ni kuuambia usubiri zaidi kabla ya kuanza kurudia. Akaongeza muda huo kutoka milisekunde mia mbili na hamsini hadi mia nne, akaandika kwenye daftari, akafunga begi. Dada akaandika ukurasa mzima, ukatoka safi. Akamshika mdogo wake kichwa kwa mikono miwili akambusu utosini, kama alipokuwa darasa la pili.

Baada ya miezi minne kigugumizi kikarudi. Pengwini akapandisha muda hadi mia sita. Miezi miwili tena, kikarudi, na sasa haikuwa tena kukalia kitufe, herufi zilikuja mbili mbili kwa kishindo. Akazima kabisa kujirudia kwa vitufe, na juu yake akaweka kichujio cha kupuuza kitufe kikibonyezwa mara mbili upesi upesi. Akakipima, kikafanya kazi, akakiandika. Siku hiyo alitoka kwa Dada akipiga mluzi. Kila hatua ilikuwa ushindi mdogo, na ushindi mdogo una utamu wake; haukuachii nafasi ya kujiuliza kwa nini unashinda vita hiyo hiyo kila mara.

Na mambo mengine yalikuwepo mbele ya macho yake. Dada alikuwa amebadilisha kikombe, akanunua chenye mkono mpana, na alikijaza chai nusu tu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kukaa mapajani, chini ya mtandio, na kila kitu alikipokea kwa wa kulia. Alikuwa anaongea na mtu huku amekaza macho kwenye kibodi, yeye ambaye miaka arobaini hakuwahi kuitazama. Pengwini aliyaona yote haya. Baadaye angeweza kukutajia hata rangi ya kikombe. Lakini alikuwa amekuja kutazama mashine.

Kigugumizi kiliporudi mara ya tatu, alimwambia Dada achore kibodi kwenye karatasi azungushie herufi zinazosumbua. Dada akamwandalia kama anavyoandaa kazi zake, kwa penseli na rula: A, S, D, E, W, R, T, B. Pengwini akaiweka karatasi juu ya kibodi, akaona papo hapo kwamba zote ni za upande wa kushoto.

"Umemwagia chai," alisema.

"Sijamwagia."

"Dada, upande mmoja wote? Umemwagia ukasahau."

Dada hakubisha tena. Alitazama nje dirishani akasema, "Labda nimemwagia." Pengwini akaagiza kibodi mpya, akaifunga, akabandika ile karatasi ya penseli kwenye daftari na gundi, akaandika chini yake: chai.

Wiki tatu baadaye Dada akaja karakana mwenyewe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alikuja na laptopu kwenye begi, na nyuma yake akaingia mteja wake, mwalimu mmoja wa sekondari, mama wa makamo, aliyekuwa na tasnifu ya kukabidhi chuoni. Tasnifu ilihusu kilimo na barabara za vijijini. Mwalimu hakuwa na kisirani, lakini alikuwa amebeba kurasa za majaribio mkononi, na ndani ya kurasa hizo neno "kilimo" lilikuwa limetoka salama kila mahali, na neno "barabara" limechanika kila mahali: "baarrabbara", "barraabaara".

"Angalia hiyo Linux yako," Dada alisema. Safari hii hakucheka. "Inaniaibisha."

Fundi cherehani wa chumba cha pili alikuwa amesimama mlangoni akingoja chaja yake ya simu. Pengwini akahisi masikio yakimwaka. Mbele za watu! Akaiweka laptopu mezani, akawasha, akafungua kifaa cha kupimia kinachoonyesha kila kitufe kinapobonyezwa na kinapoachiwa, mstari kwa mstari, na muda wake kando. Akamwambia Dada aandike "barabara".

Dada akaweka mikono. Akaandika.

Mistari ikamiminika kwenye skrini, na Pengwini akaisoma kwa kidole. A imebonyezwa. A imeachiwa. Sehemu ya tano ya sekunde. A imebonyezwa. A imeachiwa. Hakukuwa na herufi iliyojirudia yenyewe. Kila iliyotoka mara mbili ilikuwa imebonyezwa mara mbili. Draiva safi, mfumo safi, kibodi mpya safi. Alijisikia kama wakili aliyepata shahidi.

"Dada, tazama mwenyewe," alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni. "Mashine nzima kabisa. Linux yangu haina kosa. Labda vidole vyako ndivyo vimezeeka, tukavitafutie draiva mpya!"

Fundi cherehani akaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, cha adabu, akaziba mdomo. Pengwini akacheka kuliko wote.

Dada alitabasamu. Akauondoa mkono wa kushoto juu ya kibodi kwa kutumia wa kulia, kama mtu anayeondoa kitu kisicho chake, akafunga mashine. "Haya," alisema. "Nimesikia." Zipu ya begi ilimchukua muda mrefu. Mwalimu ndiye aliyemsaidia kuifunga, maana Pengwini alikwisha geuka kumtafutia fundi cherehani chaja yake.

Walipoondoka aliandika kwenye daftari ile sehemu ya tano ya sekunde, na chini yake: Hakuna kosa. Tatizo ni mtumiaji.

Dada hakupiga simu tena. Pengwini alipiga yeye, baada ya wiki tatu nne hivi, akauliza mashine inaendeleaje. "Nzuri tu," Dada alijibu. "Inafanya kazi vizuri." Akauliza habari za karakana, wakaagana. Pengwini akafurahi, ama tuseme alichagua kufurahi.

Kisha akakutana na yule mwalimu dukani. Mwalimu akamweleza kwamba Mama Chapa alimrudishia tasnifu ikiwa nusu, akaomba radhi, akasema kompyuta imekufa moja kwa moja. Na wateja wengine nao amewarudishia. "Pole kwa mashine ya dada yako," mwalimu alisema.

Pengwini akavimba. Yaani Dada anapita kwa watu akisema mashine imekufa? Mashine aliyoipima kwa mikono yake akaikuta nzima? Alirudi karakana akiongea peke yake njia nzima. Akaona Dada ameamua kumharibia jina, na kwamba akinyamaza kimya Dada atajirudi. Basi akanyamaza. Nyumba ya Dada ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka karakana. Miezi saba hakuutembea mwendo huo. Walipokutana msibani kwa jirani walisalimiana vizuri, wakaulizana afya, na Dada alikuwa amekaa amejifunika mtandio mpaka viganjani, ingawa kulikuwa na joto.

Aliyepiga simu safari hii ni mpwa wake, binti pekee wa Dada, aliyekuwa karani wa mamlaka ya maji katika mji mwingine, safari ya saa nne kwa basi.

"Mjomba, mama kaungua. Sufuria la maji ya moto limemponyoka, limemwagikia mguu. Majirani wamempeleka hospitali. Mimi ndiyo napanda basi. Mjomba, uko wapi siku zote? Jirani ananiambia mama hawezi hata kufunga vifungo!"

Pengwini alifunga karakana ikiwa na wateja ndani.

Mguu haukuwa mbaya sana. Daktari wa vidonda alisema utapona. Ila wakati anaufunga alikuwa ametazama mkono wa kushoto wa mgonjwa, ulioulalia mto na kucheza wenyewe, kidole gumba na cha shahada vikisuguana kama mtu anayehesabu shanga, akamwita mwenzake wa mambo ya neva. Huyo alikuwa mama mpole mwenye miwani. Akamwambia Dada afumbe na kufumbua vidole, atembee hatua chache, aandike jina lake. Dada aliandika herufi ndogo zilizozidi kupungua, za mwisho hazikusomeka. Yule ambaye mwandiko wake ulikuwa ukibandikwa ukutani ofisini.

"Hali hii ilianza lini, mama?"

"Juzi juzi tu," Dada alisema.

Daktari akamgeukia binti, aliyekuwa ameshafika. Binti akatikisa kichwa, machozi yanamlengalenga; yeye huja mwisho wa mwaka, na mama siku zote husema yuko salama. Daktari akaeleza kwamba kujua mwanzo kunasaidia sana, ugonjwa unakwenda kasi gani, upande gani ulitangulia.

"Mimi najua," Pengwini alisema.

Alikwenda karakana akarudi na daftari chini ya kwapa. Daktari akalifungua pale alipoonyeshwa, akasoma kimya, akafunua, akasoma tena. Ilikuwa yote pale, tarehe kwa tarehe. Mia mbili na hamsini. Mia nne. Mia sita. Herufi A, S, D, E, W, R, T, B, kwa penseli na rula, mkono wa kushoto pekee. Mwisho, sehemu ya tano ya sekunde kati ya kubonyeza na kubonyeza, ambayo daktari aliigonga kwa kalamu yake mara mbili, akisema kwamba huo ndio mwendo wenyewe wa mtetemeko wa ugonjwa huu.

"Wewe ni mwenzetu? Muuguzi?"

"Hapana. Fundi kompyuta."

"Umeandika vizuri kuliko faili zetu," daktari alisema, na alikusudia kumsifu. Kisha akarudi nyuma kurasa mbili, akaweka kidole. "Hapa ni karibu miaka miwili iliyopita. Kwa nini hamkuja hapa?"

Pengwini alifungua mdomo. Binti alikuwa akimtazama. Dada alikuwa akitazama ukuta. 

Daktari hakumbana. Alisema dawa zipo, haziondoi ugonjwa wala hazirudishi kilichokwisha kuondoka, lakini zinampa mtu nafuu ya kufanya shughuli zake. Angezianza wakati ule, pengine miaka hii miwili angeifanya kazi yake kwa raha. Aliyasema haya kwa upole, kama mtu anayesoma hali ya hewa, akaandika cheti cha dawa, akatoka. Kidole chake kilikuwa bado hakijafika kwenye mstari wa mwisho kabisa, ule unaosema tatizo ni mtumiaji. Pengwini alilifunga daftari kabla mpwa wake hajaufikia.

Dada alirudi nyumbani baada ya siku tano, mguu umefungwa bandeji. Pengwini akawa anakuja kila siku mchana, analeta mboga, anaosha vyombo vibaya, Dada anamwelekeza kutoka kwenye kiti. Siku ya nne akaacha vyombo, akaja akakaa chini mbele yake.

"Dada, nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Unajua kwa lipi. Niliona kila kitu nikakiandika. Nikakupeleka kwenye mambo ya draiva."

 Mkono wa Dada ulikuwa mapajani, nao sasa hakuufunika.

"Mimi nilijua," alisema. "Si jina la ugonjwa, hilo sikulijua. Nilijua si mashine. Mtu hajui vidole vyake? Ule mwezi wa tatu nilipokupigia, nilikuwa nimeshakaa na jambo hilo miezi miwili. Nilikuita useme ni mashine. Na wewe ukaja ukasema ni mashine, ukaigusa ikapona. Nikalala usingizi siku hiyo! Mara ya pili vivyo hivyo. Ukasema chai, nikasema sawa, nimemwagia chai."

"Ungeniambia, Dada."

"Ningekuambia nini? Mtu wa kuambiwa ni wewe, na wewe nimekulea kwa mikono hii." Akautazama mkono wake wa kushoto. "Nilikuja karakana siku ile nikiwa nimeamua. Njia nzima nilikuwa najiambia, leo akisema si mashine, nitamwambia basi ni mimi, anipeleke hospitali. Nikakaa pale nikikungoja useme. Ukasema. Na watu wakacheka."

Pengwini akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti yake mwenyewe.

"Sikukasirika sana," Dada alisema. "Niliona aibu. Aibu ni mbaya zaidi, inakurudisha ndani unafunga mlango. Nikawaambia watu mashine imekufa. Nisamehe na mimi kwa hilo, nilikusingizia."

"Usiniombe msamaha, Dada. Tafadhali usiniombe."

Alikuwa amekuja na mipango. Alitaka kumwekea programu ya kuandika kwa sauti, mtu anasema na mashine inaandika. Alitaka kurekebisha vichujio upya, sasa akijua anachokichuja. Alivieleza vyote kwa haraka, na Dada akamsikiliza kama alivyowasikiliza ndugu kwenye kile kikao cha zamani.

"Siku nyingine," alisema. "Leo washa tu. Nataka kumwandikia yule mwalimu. Andika wewe."

Basi Pengwini akaandika, kwa vidole viwili, maana mafundi kompyuta wengi hawajui kupiga chapa. Dada alisema sentensi, akangoja, akasema nyingine. Alimwambia mwalimu kwamba kazi yake aliiacha kwa sababu ya maradhi, kwamba kompyuta haikuwa na ubovu wowote, na kwamba anaomba radhi kwa kutosema kweli. Mara mbili alimsahihisha Pengwini nafasi kati ya maneno. Mara moja akasema, "Mkato, si nukta. Shule nilikupeleka ya nini?" na ilikuwa karibu kama zamani, ila hapakuwa na aliyecheka. Printa ikatoa barua. Dada akaomba kalamu atie sahihi. Ilimchukua muda mrefu, herufi zikaanza kubwa zikaishia kama nyayo za sisimizi, na Pengwini aliyekuwa na hamu ya kumshikia mkono alikaa juu ya viganja vyake mwenyewe ili asifanye hivyo.

Dawa zilimfaa kiasi. Vifungo akaviweza tena, na kijiko, na kwa siku nzuri aliandika nusu ukurasa bila kigugumizi. Lakini ile kasi ya kuongea na mtu huku mkataba ukijiandika chini haikurudi, na wateja nao walikwisha pata watu wengine. Mwezi wa kumi bintiye akaja kumchukua akaishi naye. Pengwini alisaidia kufunga mizigo. Laptopu aliifunga mwenyewe ndani ya mablanketi mawili, akaipakia, ingawa Dada alimwambia si lazima.

Sasa anampigia kila Jumapili mchana. Wanaongea habari za mvua, za mguu, za wajukuu wa majirani. Habari za mashine hamuulizi. Anamuuliza, "Wewe hali yako vipi, Dada?" na Dada anajibu, "Nzuri tu, mdogo wangu." Sauti inakuja laini, imetulia, kama ilivyokuja siku ile aliposema inafanya kazi vizuri. Pengwini anaishikilia simu sikioni, anasikiliza kwa makini kila pumzi, na hana namna ya kujua, kwa sababu kutoka huku hawezi kuuona mkono wa Dada.